Taa ya baiskeli ya usiku: lumeni ngapi zinatosha kweli?

pedeli_usiku

Wakuu habari za mida hii. Naombeni msaada kwa anayejua mambo ya taa za baiskeli maana nimezunguka mpaka kichwa kinauma. Nimehamishiwa zamu ya jioni kazini, natoka usiku na narudi nyumbani kwa baiskeli, kilomita 11 hivi. Kipande cha kwanza kina taa za barabarani, hakina shida, ila kuna kama kilomita 4 za katikati ni giza totoro, nusu lami nusu vumbi na kokoto, na upande mmoja kuna mtaro. Sa hivi natumia tochi ya kawaida ya mkononi, nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu.

Wiki iliyopita nilikuwa nakwenda mwendo wangu wa siku zote, nikaona kitu cheusi mbele nikadhani kivuli, kumbe shimo. Gurudumu la mbele likazama, tochi ikazunguka ikaanza kumulika magoti yangu, mi na baiskeli tukaishia kwenye majani. Sikuumia zaidi ya kiganja kuchubuka na rimu kupinda kidogo, lakini nilikaa pale gizani nikasema hapana, hii sio tochi tena, hii ni pambo.

Sasa shida ni kuchagua. Nimeona taa moja boksi limeandikwa lumeni 10000 (kipimo cha mwanga), ndogo tu inaenea kiganjani, betri iko humo humo ndani. Nyingine imeandikwa 400, na ajabu ni kwamba hii ya 400 ndo ghali. Kuna ya 800, kuna ya 1200, na kuna moja haisemi lumeni kabisa, inasema luksi 60. Nani ananidanganya hapa? Kwa kifupi nauliza, lumeni ngapi zinamtosha mtu wa spidi ya 20 mpaka 25 kwenye giza kabisa? Sitaki kuwapofusha watu, nataka tu nilione shimo kabla halijaniona.

gia_moja

Chukua 1000 mkuu usijiulize mara mbili. Mwanga ukizidi unapunguza, ukipungua hauna pa kuongeza.

fundi_spoki

Pole kwa kiganja. Anayekudanganya ni huyo wa 10000, na wala huhitaji mashine kumkamata, hesabu ya shule ya msingi inatosha. LED nzuri ikishafungwa kwenye taa, ukitoa kinachopotea kwenye lenzi na kwenye saketi, inakupa kama lumeni 100 mpaka 120 kwa kila wati. Kwa hiyo lumeni 10000 zinataka wati 80 na ushee mpaka 100. Haya, njoo kwenye betri. Taa za saizi hiyo mara nyingi ndani zina betri moja ya 18650, ile ya mviringo yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, volti 3.6 au 3.7, na kama ni ya ukweli inabeba 3000 mAh, yaani ampea-saa 3, au zaidi kidogo. Zidisha, unapata wati-saa 11 hivi. Sasa ukiinyonya wati 90, baada ya dakika 7 imekwisha, na hizo dakika 7 zenyewe hicho kiboksi kingekuwa cha moto usingekigusa. Hakiwezekani. Walichofanya ni kuandika namba.

Alafu mwaka 2010 kampuni ya Cree, watengenezaji wa LED, walipotoa LED yao ya XM-L, sifa yake kubwa ilikuwa kutoa lumeni 1000 kwa wati 10 hivi, na hapo ni LED yenyewe imesukumwa mpaka mwisho. Zilizokuja baadae zimekuwa bora lakini sio kwa mara kumi. Ukiona boksi lina LED mbili za namna hiyo na limeandikwa 10000, jiulize zile 8000 zimetoka wapi.

Na betri nazo hivyo hivyo. 18650 iliyoandikwa 9900 mAh irudishe ilikotoka, za saizi hiyo hazifiki hata nusu yake. Niliwahi kuletewa moja imekufa baada ya wiki tatu, nikaipasua juu ya benchi, ndani nikakuta kibetri kidogo kama kidole cha mwisho na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe ili isicheze. Betri ya kweli ina gramu 45 mpaka 50, ukiishika unasikia uzito wake. Ile ilikuwa nyepesi kama kizibo.

Hiyo ya 400 ni ghali kwa sababu kuna mtu amekaa akaipima, mwanga baada ya kutoka kwenye lenzi, na inakaa kwenye 400 hiyo muda wote. Kwa lumeni 400 unatumia wati 4 hivi, betri ile ile ya wati-saa 11 inakupa saa mbili na nusu. Safari yako ni nusu saa. Unaweza kwenda siku nne hujachaji.

pedeli_usiku

Aisee. Kwa hiyo 400 ya ukweli inaweza kuizidi 10000 ya uongo?

fundi_spoki

Mara nyingi hizo za 10000 ukizipima unakuta 500 au 700 dakika ya kwanza, afu zinashuka. Kushuka sio kosa peke yake, hata taa nzuri inajipunguza ikipata joto ili isiungue, tofauti ni kwamba mwenye taa nzuri anakwambia kabisa kwenye karatasi, 800 kwa saa moja na nusu, 400 kwa saa tatu, na kadhalika. Boksi lisilosema lumeni ngapi *kwa muda gani* mi silitazami mara ya pili. Kingine, usiipime taa ikiwa imesimama mezani maana inategemea upepo wa safari kujipoza. Kwangu dukani zinashuka haraka, barabarani zinavumilia.

bundi_mwendo

Wote mnazungumzia lumeni, wakati jibu la swali lake liko kwenye ile taa ya luksi 60 aliyoitaja kwa kupita tu.

Mkuu, lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa, hata ule unaokwenda kumulika matawi ya miti na popo. Luksi ni mwanga unaotua mahali. Na wewe unataka utue barabarani. Tochi ya mkononi inatoa duara, nusu ya duara hilo inapanda hewani, huna kazi nayo huko, na katikati kuna doa kali mita tatu mbele ya tairi linalokuzuga macho. Hili la doa watu hawalijui. Mboni inajifunga kwa ajili ya kile kinachong'aa karibu, halafu kule mbali kunakuwa kweusi zaidi kuliko usingekuwa na taa kali. Nina uhakika shimo lako lilikuwa nje ya doa. Ulikuwa unaona vizuri sana mahali ulipokuwa tayari umeshafika.

Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara ina kioo cha ndani au lenzi inayokata mwanga kwa juu, kama taa ya gari isiyo fulu. Juu ya mstari kunakuwa giza, chini ya mstari mwanga umetandazwa kama mkeka, hafifu karibu na mkali kadiri unavyokwenda mbali, ili macho yaone barabara yote iko sawa. Wajerumani wamelisukuma hili kwa sheria. Kanuni yao ya StVZO inataka taa ya mbele itoe angalau luksi 10 kwenye umbali wa mita 10 na isiwapige watu machoni, na iliyopita majaribio inawekwa alama ya K yenye kistari cha wimbi na namba. Ukiiona hiyo alama ujue umbo la mwanga limepimwa, japo haimaanishi ni kali sana, 10 ni kiwango cha chini tu.

Sasa spidi yako. Ukienda 25 kwa saa unakwenda mita 7 kila sekunde. Kuona kitu, ubongo ukakubali kwamba ni shimo, vidole vikafika kwenye breki, weka sekunde moja na nusu, tayari mita 10 zimekwenda na hujaanza kupunguza. Kwenye kokoto huwezi kubana breki kwa nguvu, weka mita 8 nyingine. Jumla 18, na hapo umesimama puani kwa shimo. Kwa hiyo unataka kuona vizuri mita 25 mpaka 30 mbele.

Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali. Taa ya luksi 60 kwenye mita 10, ukifika mita 20 zimebaki 15, ukifika 30 zimebaki karibu 7. Ukitaka kulinganisha, mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata luksi 1, ni kama robo tu. Kwa hiyo 7 sio haba, shimo linaonekana kabisa.

Kwa lami na spidi yako, lumeni 300 mpaka 500 zenye umbo zuri zinatosha. Kwa kile kipande cha kokoto ningetamani uwe na 600 au 700 za akiba, unaziwasha hapo unazizima ukitoka.

mtembea_mguu

Mimi sina baiskeli, natembea. Naomba tu niseme kitu kwa huyu aliyesema 1000 usijiulize mara mbili. Kila usiku nakutana na mtu wa aina yako. Anakuja na jua kwenye usukani, limeelekezwa usoni kwangu, siuoni mtaro, siioni njia, wala simwoni yeye mwenyewe, naona weupe tu mpaka anapita. Akishapita nabaki kipofu. Macho yanachukua dakika 20 au 30 kuzoea giza vizuri, na nyie mnayafuta kwa sekunde moja. Juzi nilisimama nikashika ukuta mpaka jamaa akapita, akanisalimia vizuri tu, nikashindwa hata kumjua nani.

gia_moja

Samahani bosi, mi yangu huwa naielekeza chini.

mtembea_mguu

Wote mnasema hivyo.

bundi_mwendo

😂 Ana haki. Kuna njia ya kupima ili usitegemee kusema tu. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, ikanyage ardhi na wewe uwe juu yake maana uzito wako unaishusha. Weka kipande cha utepe ukutani usawa wa taa, kimo kile kile cha taa kutoka chini. Kama taa iko mita 1 kutoka chini na unataka ukingo wa juu wa mwanga ugonge barabara mita 25 mbele, basi pale ukutani ukingo huo ushuke sentimita 20 chini ya utepe. Ndo hivyo tu. Kwa taa ya duara isiyo na ukingo, tumia kile kiini kinachong'aa sana, kiwe chini ya utepe zaidi ya hapo, afu mwombe mtu asimame mita 15 mbele yako akwambie kama unamwumiza. Rudia kila ukibadilisha kitu kwenye usukani.

dainamo_damu

Nashangaa mpaka hapa hakuna aliyetaja dainamo. Mnahesabu wati-saa, mnapasua betri, mnachaji, mnasahau kuchaji. Mi nina dainamo ya ndani ya habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, mwaka wa tano huu, sijawahi kutafuta chaja. Volti 6 wati 3, haijabadilika toka enzi za wazee wetu. Kilichobadilika ni kilichoko mwisho wa waya. Zamani hizo wati 3 zilikuwa zinagawanywa, 2.4 kwa balbu ya mbele na 0.6 kwa ya nyuma, na ile balbu ilikuwa ya njano inachoka choka kama mshumaa. Leo wati zile zile ukizipeleka kwenye LED yenye kioo kizuri unapata luksi 60, 80, hata zaidi. Hiyo taa ya luksi 60 aliyoiona mkuu huenda ni ya dainamo, aangalie nyuma kama kuna waya mbili badala ya tundu la USB, asije akanunua akafika nyumbani akakosa pa kuchomeka.

Kasoro zipo. Ukienda polepole sana, kama unapanda kilima kwa mwendo wa kutembea, mwanga unacheza cheza. Taa nzuri zina kapasita ndani inayoshikilia mwanga kwa dakika kadhaa ukisimama, kwa hiyo kwenye makutano hupotei. Na kufunga sio kazi ya dakika tano, gurudumu la mbele linasukwa upya spoki zote. Zile dainamo za chupa zinazosugua ubavu wa tairi ni rahisi kufunga ila mvua ikinyesha zinateleza, taa inazima pale pale unapoihitaji, na mlio wake kama nyuki kwenye kopo.

fundi_spoki

Dainamo ya habu naikubali kwa mtu anayeendesha kila usiku mwaka mzima. Mkuu hapa rimu imepinda, kama anafikiria kusuka gurudumu upya basi ndo wakati wenyewe. Kama rimu inanyooka kwa kukaza spoki, anunue ya betri aendelee na maisha.

gia_moja

Haya nimeadhibiwa vya kutosha, sasa naomba nichangie kitu cha maana. Mi taa yangu iko kwenye helmeti. Inamulika ninapotazama, kona ikija nageuza kichwa naona kona yote, taa ya usukani inamulika ng'ambo ya kona kwenye vichaka. Na tairi ikipata pancha gizani una mikono miwili huru. Kwa nini hamumshauri ya helmeti?

bundi_mwendo

Ya helmeti nzuri kama ya pili, sio ya peke yake, na hasa kwa mtu mwenye ugomvi na mashimo. Shimo usiku unalijua kwa kivuli chake. Taa ikiwa chini, kwenye usukani au chini zaidi kwenye uma wa mbele, mwanga unakwenda kwa kulala, ule ukingo wa karibu wa shimo unatupa kivuli ndani na shimo zima linakuwa jeusi, kokoto kila moja ina mkia wake. Taa ikiwa kwenye helmeti iko karibu na macho, vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe, barabara inakuwa tambarare kama picha. Unaona weupe mzuri sana na huoni kina. Kwenye ukungu, mvua au vumbi lililotimuliwa na gari ni mbaya zaidi, kila chembe iliyo mbele ya uso wako inakurudishia mwanga, ni kama umewasha taa ndani ya pazia.

Nimejaribu mwenyewe njia moja na taa moja, leo helmeti kesho usukani. Kuna mzizi unavuka njia, kwenye usukani nauona kwa mbali kama kamba nyeusi, kwenye helmeti nausikia makalioni.

Ukiwa nazo zote mbili mambo ni mazuri, ya usukani kali, ya helmeti hafifu. Na ukikutana na mtu usimtazame usoni, maana shingo yako ndo swichi.

mama_keria

Mnazungumza mambo ya mbele tu kana kwamba magari yanakuja kwa mbele peke yake. Kaka pedeli_usiku hukutaja taa ya nyuma hata mara moja na kipande kimoja cha njia yako ni barabara ya magari. Una taa ya nyuma?

pedeli_usiku

Dada nina ile reflekta nyekundu iliyokuja na baiskeli 🙈

mama_keria

Nilijua. Reflekta inafanya kazi pale tu taa za gari zinapoifikia kwa pembe nzuri, ikiwa na tope haifanyi kazi hata hivyo. Nunua taa nyekundu ya nyuma, haihitaji ukali wa ajabu, hapo ndo utashangaa lumeni 20 au 30 zinaonekana mbali kiasi gani, kwa sababu hujaribu kumulika kitu, unajaribu kuonekana tu. Weka pahali ambapo begi na koti havifuniki. Mi nabeba mtoto kwenye keria na kwa miezi kadhaa nilikuwa naendesha na taa imewashwa vizuri sana nyuma ya blanketi lake, mpaka mwenye gari mmoja akateremsha kioo akaniambia mama huna taa. Nikamwambia ninayo. Nikashuka kumwonyesha, nikaona aibu. Sasa iko chini kwenye madigadi.

Na pedeli zako usizitoe zile reflekta za njano. Zinapanda zinashuka, mtu akiona vitu viwili vinapanda na kushuka anajua papo hapo huyo ni mtu wa baiskeli, na hakuna betri humo. Mikanda ya kung'aa kwenye vifundo vya miguu inafanya kazi hiyo hiyo.

gia_moja

Ya nyuma iwe ya kumeta meta au iwake moja kwa moja?

mama_keria

Kumeta kunavuta macho, kuwaka moja kwa moja kunamsaidia dereva kukadiria uko mbali kiasi gani. Mi nina mbili, moja inawaka moja inameta. Ila uangalie sheria ya unapoendesha. Uingereza walizuia za kumeta mpaka 2005 ndo wakaziruhusu, imete mara 60 mpaka 240 kwa dakika. Ujerumani taa za kumeta kwenye baiskeli hazikubaliwi. Ya mbele usimetishe kwenye giza, utajipa kizunguzungu mwenyewe na barabara utaiona vipande vipande.

fundi_spoki

Naongeza vitu viwili kabla sijafunga duka. Maji: tafuta IPX4 angalau, hiyo inavumilia kumwagiwa kutoka pande zote, IPX7 ni ile inayovumilia kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa, kwa mvua ya kawaida sio lazima. Kinachoua taa ni kile kizibo cha mpira cha tundu la chaji, watu wanachaji wanasahau kukibana. Alafu betri ya lithiamu usiichaji kitandani umelala, na ikivimba usiitoboe wala usijaribu "mara moja ya mwisho".

pedeli_usiku

Nimerudi wakuu. Jana nilienda kuazima ile 400 kwa jamaa wa kazini anayo, ina ukingo wa juu kama alivyosema bundi. Nikachukua kipande cha tyubu cheusi nikakilaza barabarani kwenye lile giza langu, nikarudi nyuma mbali, nikawa nasogea na baiskeli polepole mpaka nikione, afu kutoka hapo nahesabu hatua. Kwa tochi yangu ya zamani, hatua 9. Kwa hii ya kuazima, hatua 31. Nikarudia mara tatu maana sikuamini, jibu likawa lile lile au linapishana hatua moja mbili. Na ukiwa umekaa juu yake haionekani kali! Hilo ndo lilinishangaza, tochi ilikuwa inaonekana kali kuliko hii, kwa sababu yote ilikuwa imemwagika pale mbele ya tairi.

Na lile shimo nimelipitia. Lina ukingo mweusi kabisa, unaliona mapema mpaka unaona uvivu kulikwepa.

Rimu imenyooka, kwa hiyo dainamo tutazungumza siku nyingine. Nimeagiza ya 500 ya aina ile ile na ya nyuma nimeshaifunga leo, iko juu ya reflekta, nimeisafisha na reflekta yenyewe. Imebaki kero moja. Hii ya kuazima kila nikipita kwenye kokoto inainama, taratibu tu, baada ya kilomita moja inamulika tairi. Nimekaza skurubu mpaka naogopa plastiki itapasuka. Usukani wangu ni mwembamba nadhani. Nifanyeje, au ndo ubovu wa kibano chenyewe?

fundi_spoki

Usikaze zaidi, utakivunja na sio chako. Plastiki juu ya chuma laini lazima iteleze hata ukibana vipi. Kata ukanda wa tyubu, upana wa kibano, uzungushe mara moja kwenye usukani, upande wa ndani wa tyubu utazame chuma, usipake chochote, afu funga kibano juu yake. Kama bado kinacheza zungusha mara mbili.

pedeli_usiku

Tyubu tena 😂

Nimekata ile ile niliyofungia tochi. Nimepita kwenye kokoto kwenda na kurudi, haijasogea.